Gari la Kale Katika Mikono ya Leo

Wasomaji waliozoea kukuta hapa uhakiki wa tenzi na hadithi huenda wakastaajabu kuletewa uhakiki wa gari. Sina budi kueleza mara moja kwa nini. Mtu anapolichukua gari lililotengenezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, akalitia vipuri vya leo ili aliendeshe kila siku kwenda kazini na sokoni, hukutana na maswali yale yale yanayomkabili mhariri wa hati ya kale: abadili nini, aache nini, na kile kitokacho mikononi mwake kiitwe kwa jina gani? Mhariri akikosea huharibu shairi. Fundi akikosea huharibu gari, na pengine humwua mtu. Kwa hiyo haidhuru tukatoka maktabani mara moja tukaingia gereji.

Gari nitakalolitumia kuwa mfano ni MGB la Kiingereza, lile lisilo na paa la chuma bali lina turubai la kukunjwa nyuma ya viti. Lilianza kutengenezwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, mwaka wa 1962, likaachwa mwaka wa 1980. Na ukilihesabu pamoja na ndugu yake mwenye paa la chuma, yalitoka kiwandani magari zaidi ya 500,000. Halikuwa gari la wafalme. Injini yake ya mitungi minne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798 na nguvu za farasi 95, ilikuwa ya ukoo mmoja na injini zilizotiwa katika magari ya kawaida ya familia ya kampuni hiyo hiyo. Lilinunuliwa na watu wa kipato cha kadiri waliotaka kuhisi upepo usoni siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu wakalipanda kwenda kazini. Jambo hili lafaa kushikwa, maana wale wasemao ya kuwa kulitumia gari hili kila siku ni kulivunjia heshima husahau kwamba matumizi ya kila siku ndiyo yaliyolizaa. Kulifungia bandani chini ya shuka ni kulifanya kitu ambacho halikuwa kamwe.

Walakini dunia ya 1962 imepita, na gari halikuarifiwa. Tazama petroli peke yake. Petroli ya zama zile ilitiwa madini ya risasi, na risasi ile, pamoja na sumu yake yote, ilifanya kazi moja ya siri: iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu za kutolea moshi, ikavikinga visiliwe na joto na mapigo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Uingereza ilikuwa imekwisha kukomesha kuiuza kwa watu wote mwanzo wa 2000. Na Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikaiacha mwaka wa 2021. Basi mwenye MGB akilikimbiza sana bila ya kujali habari hizi, valvu huchimba chuma cha kichwa cha injini kidogo kidogo, hata injini ikakosa pumzi. Dawa yake ni kukifungua kichwa hicho, kukichonga, na kupachika viti vya chuma kigumu zaidi. Tena, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza yaweza kuwa na ethanoli hata asilimia 10, nayo ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya kale. Asiyebadili mabomba ya petroli katika gari la namna hii haendeshi kitu cha kihistoria. Anaendesha moto uliochelewa kuwaka.

Hayo hayana mabishano. Ubishi huanza baada yake, nao umewagawa wapenzi wa magari haya makundi mawili. Kundi moja lataka kila skrubu iwe ile ile ya kiwandani, hata ikiwa mbovu. La pili lataka sura ya zamani na starehe ya sasa: lisimame kwenye foleni bila ya kuchemka, liwake asubuhi ya baridi, lisidondoshe mafuta. Nimesoma na kusikiliza hoja za pande zote mbili, na naona ya kuwa wote hupimia kitu kisicho na uzito. Wa kwanza hupimia umri wa kipuri, wa pili hupimia raha ya mwenye gari. Hapana kati yao aulizaye kipuri kile kilikuwa na kazi gani katika maana ya gari zima.

Kipimo ninachokileta mimi ni hiki. Gari la wazi la aina hii halikuwa sura tu, wala chombo cha kufikisha mtu tu, lilikuwa mazungumzo. Usukani husema na viganja, klachi husema na mguu, injini husema na sikio, na dereva hujibu. Ndani ya gari vimo viungo visivyoshiriki mazungumzo hayo, vinavyofanya kazi gizani, ambavyo dereva huvijua siku vinapokufa tu. Hivyo vyaweza kubadilishwa bila ya hasara, kama vile mtu abadilivyo karatasi iliyoliwa na mchwa akainakili hati juu ya karatasi mpya. Lakini kiungo kinachosema na dereva ni neno la mtunzi mwenyewe, na anayekibadili amelibadili shairi.

Tukijaribu kipimo hiki juu ya umeme, kazi ni nyepesi. Ndani ya distributa mna pointi mbili ndogo zinazofunguka na kufumba ili kukata mkondo na kuleta cheche katika plagi. Nafasi baina yake hupimwa karibu sehemu 38 za mia za milimita, nayo hubadilika kila siku kwa kuliwa. Badala yake leo huwekwa kifaa kidogo cha elektroni chini ya kifuniko kile kile, na mtu atazamaye kwa nje haoni ila waya mmoja wa ziada. Hapana dereva aliyepata kuzungumza na pointi. Kadhalika dainamo: gari likisimama foleni usiku wa mvua, taa na waipa zikifanya kazi, dainamo hushindwa kuzilisha na betri hunywewa, alteneta haishindwi. Na feni inayozungushwa na injini hulegea pale pale injini inapolegea, yaani wakati rejeta inapohitaji upepo kuliko wakati wote. Kiwanda chenyewe kilitambua haya: alteneta ilitiwa tangu 1967, na feni za umeme katika miaka ya mwisho. Mwenye gari la 1964 akifanya hivyo hivyo amemsikiliza mtunzi akisahihisha kazi yake.

Mfano huu watufundisha kutafuta jawabu katika zama za gari lenyewe kabla ya kukimbilia zama zetu. Chukua giaboksi. MGB lina gia nne, na likienda kilomita 110 kwa saa injini huzunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Safari ya saa mbili yatosha kumpa mtu kiziwi cha muda. Wengi hung'oa giaboksi wakatia ya gia tano iliyotoka katika Mazda MX-5 au Ford. Hufanya kazi vizuri sana, sikatai. Lakini tangu miaka ya mwanzo mnunuzi wa MGB aliweza kuagiza kifaa kilichofungwa nyuma ya giaboksi, kinachowashwa kwa swichi ndogo, kikapunguza mizunguko kwa karibu moja ya tano bila ya mkono kugusa gia. Yule aliye na nafasi ya kupata kifaa hiki, naye akachagua giaboksi ya kigeni, amechukua msamiati wa lugha nyingine hali neno lipo katika yake. Mkono wa gia wa MGB ni mfupi na mgumu kidogo, na gari la kabla ya 1967 halikubali gia ya kwanza kwa upole likiwa mwendoni. Ladai adabu ya mguu. Adabu hiyo ni sehemu ya shairi.

Kwenye kabureta natatizika zaidi. Zipo mbili ubavuni mwa injini, kila moja ina pistoni inayopanda kwa mvuto wa hewa, na sindano inayopanda nayo ikifungua njia ya petroli. Asubuhi ya baridi dereva huvuta kishikio ili kuongeza utajiri wa mchanganyiko, husikiliza, hurudisha kidogo, husikiliza tena. Hapana mazungumzo yaliyo dhahiri kuliko hayo. Mfumo wa kupulizia petroli unaotawaliwa na kompyuta huyafuta yote, na wakati huo huo hupunguza moshi na petroli inayopotea. Mtu aendeshaye Jumapili mbili kwa mwezi hana udhuru wa kuzitoa kabureta. Aendeshaye kila siku mjini, kati ya watu wenye mapafu, anao udhuru wa haki. Nisichoweza kukikubali ni vile vifaa vya kupulizia vilivyofinyangwa kwa sura ya kabureta, ili mtazamaji afunguapo boneti adanganyike. Mtu ataniuliza: mbona kifaa cha elektroni kilichojificha ndani ya distributa umekisifu? Kwa sababu kusitiri si kughushi. Kile kimekaa kimya chini ya kifuniko. Hiki chasimama mbele ya watu na kutaja jina lisilo lake.

Usukani wenye kusaidiwa na mota ya umeme nitaupita upesi. Gari lenye uzito usiofika tani moja halihitaji msaada ila wakati wa kuegesha, na msaada huo hulipiwa safari nzima kwa viganja visivyosikia barabara. Ila mzee ambaye mabega yake yamechoka, na bila ya mota hiyo ataliuza gari lake, namwachia.

Hata hapa kipimo kimetutumikia. Lakini kina mpaka wake, nao ni breki. Breki husema na dereva kwa lugha iliyo wazi kabisa, kwa hiyo kwa kanuni niliyoileta zingepaswa kuachwa zilivyo. MGB lilikuwa na breki za sahani mbele tangu mwanzo, jambo la sifa kwa gari la bei yake. Lakini magari ya mwanzo yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, na njia hiyo ikipasuka penye kiungo kimoja, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Mfumo wenye njia mbili huacha nusu ya breki hai. Shairi halipiti mbele ya shule saa ya watoto kutoka darasani, gari hupita. Hapa uhakiki hauna haki ya kusema neno la mwisho, na mpenzi wa ukale anayekataa njia ya pili ya mafuta, au mkanda wa usalama unaopita begani, kwa kisingizio cha uaminifu, amefanya uaminifu wake ulipiwe na damu ya mtu asiyejua hata jina la gari.

Sasa twende kwenye bodi, ambako swali la jina huwa kali. MGB halina fremu ya chini iliyo mbali na bodi. Bati lenyewe ndilo linalobeba kila kitu, na kutu huanzia chini ya milango, mahali panapobeba mzigo kuliko pote. Mwaka wa 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza tena bodi nzima za MGB kwa kutumia vyombo vile vile vya kukandamizia bati vilivyotumika zamani. Mtu aliweza tena kununua bodi mpya kabisa, akahamishia humo injini, viti na taa za gari lake lililooza. Je, gari ni lile lile? Kwa miaka mingi kanuni za usajili za Uingereza zilijibu kwa hesabu. Gari lililobadilishwa sana lilipaswa kufikisha pointi 8 ili lihifadhi namba yake. Bodi ya asili, au mpya iliyo sawa nayo kutoka kwa mtengenezaji, ilipewa pointi 5, springi pamoja na shokomzoba 2, ekseli 2, giaboksi na viungo vyake 2, usukani 2, na injini, ambayo watu wote huiita moyo wa gari, ilipewa 1.

Sijaona uhakiki mkali kuliko orodha hiyo iliyotungwa na makarani. Yasema ya kwamba moyo waweza kubadilishwa, ila mifupa isiguswe. Na mifupa mipya yakubaliwa mradi imetoka katika kalibu ile ile. Nakubaliana nayo nusu. Jahazi la pwani yetu hubadilishwa ubao huu mwaka huu na ubao ule mwaka ujao, na hapana anayeuliza kama ni lile lile, kwa sababu halikukoma kusafiri kati ya ubao na ubao. Nahodha alikuwamo, bandari zililijua, na kila ubao mpya ulijifunza kazi kwa mbao za zamani. Gari linalotumika kila siku na kutengenezwa kila linapoharibika huishi maisha ya jahazi hilo. Bali gari lililolala bandani miaka thelathini, kisha likahamishiwa bodi mpya, injini mpya na ngozi mpya kwa msimu mmoja, limekatika. Sheria yaweza kulipa namba yake ya zamani. Historia yake imebaki katika lundo la chuma chakavu.

Kuna uongo mdogo zaidi, wa kila siku, ambao wapenzi wa MGB huuita marekebisho. Mwishoni mwa 1974, kwa ajili ya sheria za Marekani, ambako magari mengi haya yaliuzwa, bampa za chuma king'aacho ziliondolewa zikawekwa nyeusi kubwa za mpira, na gari likanyanyuliwa juu. Sura iliharibika na mwendo wa kwenye kona ukaharibika pia. Hivyo watu hulichukua gari la 1977, wakalishusha, wakalitia bampa za chuma na uso wa 1967, hata mgeni hawezi kujua. Kulishusha nasifu, maana ni kurudisha mwendo alioukusudia mtunzi. Kulivisha uso wa miaka kumi kabla ya kuzaliwa kwake ni jambo jingine. Bampa za mpira ni mbaya, lakini ni kweli. Zasimulia jinsi gari dogo la Kiingereza lilivyolazimika kuinama mbele ya soko la nchi nyingine. Mhariri anayefuta beti dhaifu za mtunzi mkubwa ili asomeke vizuri hutufanya tumjue mtunzi nusu.

Mwisho wa njia hii twauona katika gari jingine, Jaguar E-type, lililotokea mara ya kwanza mwaka wa 1961. Mwaka wa 2017 Jaguar wenyewe walionyesha E-type la wazi la 1968 waliloliondolea injini na giaboksi, wakaweka betri mahali pa injini, yenye ukubwa na uzito unaokaribia ule ule, na mota ya umeme ya kilowati 220 mahali pa giaboksi. Lilipungua uzito kwa kilo 46, likawa jepesi wa mbio kuliko lilivyokuwa ujanani. Tarehe 19 Mei 2018 Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan walipanda gari la namna hiyo, la buluu, wakitoka katika ngome ya Windsor siku ya harusi yao. Lilipendeza mno, na lilipita likiwa kimya. Kwa kipimo changu, hapo ndipo penye msiba: E-type lilijulikana kwa uzuri na kwa sauti, na waliobakiza uzuri peke yake wamelifanya picha ya kwenda. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka wa 1966, lilitamka mwaka wa 2019 ya kwamba gari lililogeuzwa kuwa la umeme halihesabiwi tena kuwa gari la kihistoria, likashauri kwamba anayefanya hivyo afanye kwa namna inayoweza kurudishwa, na vipuri vya asili vitiwe alama na kuhifadhiwa.

Watengenezaji walisema kweli inarudishika. Neno hili limekuwa hirizi ya kila fundi, nami nalitilia shaka. Injini iliyofungwa katika sanduku ni ahadi, na ahadi hutegemea mtu atakayeitimiza. Sanduku hulowa, nyumba huhamwa, warithi hutupa. Namheshimu zaidi mtu anayekubali kwamba ametunga kitu kipya. Mazda walipotoa MX-5 mwaka wa 1989 hawakuchukua bati hata moja la MGB. Walichukua mpango wake: injini ndogo mbele, magurudumu ya nyuma yenye kusukuma, viti viwili na turubai. Walitunga shairi lao wenyewe katika bahari ya zamani, kwa maneno ya siku zao, likawa gari la kila siku lisilovuja. Rover nao, mwaka wa 1992, waliamka wakalichukua bodi la Heritage, wakalitia injini ya mitungi minane na ngozi na mbao za anasa, wakaliita RV8. Hayakufika hata 2,000, na mengi yakauzwa Japani. Hilo halikuwa MGB wala halikuwa jipya, na anasa yake haikuwa ya ukoo ule. Ajabu ni kwamba mgeni wa Kijapani alilifahamu shairi kuliko jamaa wa mtunzi.

Kwa mwenye MGB anayelitumia kila siku, ambaye ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo, limebaki jambo moja la kazi. Maandishi ya kale ya Kiswahili katika hati za Kiarabu yana irabu tatu kwa sauti tano. Anayeyanakili katika herufi za Kirumi hulazimika kuamua kati ya *e* na *i*, kati ya *o* na *u*, na mhariri mwaminifu huonyesha pembeni pale alipoamua mwenyewe. Fundi naye aandike. Aandike kichwa cha injini kilichongwa lini na viti gani vilipachikwa, bampa zilitoka katika gari la mwaka gani, waya wa zamani ulioanza kwa chanya kwenye bodi uligeuzwa siku gani, maana fundi atakayekuja bila ya kujua hilo ataunguza kila kitu kwa dakika moja. Na daftari hilo likae ndani ya gari lenyewe, katika kisanduku kilicho mbele ya abiria, si katika kabati nyumbani. Gari huuzwa, na muuzaji aliyekwisha kupokea fedha hakumbuki kabati.